Kompyuta ya Jikoni

6 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo, na meseji ikaja nayo: "Tegal wamesakwa na polisi. Maduka manne ya kuchapia. Mashine zote zimebebwa." Sijui nani kaiandika. Imetumwa na kila mtu kwa kila mtu. Nilishusha mlango wa bati nusu, kama wenzangu wote wa mtaa huu wa nyuma ya chuo, na wanafunzi wakawa wanaingia wameinama na tasnifu zao kifuani.

Kompyuta zangu sita za kukodisha zote zina nakala za kuiba za programu. Marehemu mume wangu Warsito aliziweka mwenyewe, na mji mzima wa Purwokerto ulifanya hivyo. Hakuna aliyeuita wizi mpaka watu walipoanza kubebewa mashine.

Jioni akaja shemeji yangu Giyarto, mdogo wake marehemu, koti la mvua likichuruzika hadi kwenye mkeka wangu.

"Shemeji, tubadilishe."

"Tubadilishe nini?"

"Mfumo wote. Hii ni programu huria. Hailipiwi, kwa hiyo haiibiki. Askari akija, wewe unamkaribisha kahawa."

"Na wanafunzi wakija niwakaribishe nini?"

"Kahawa vilevile."

Giyarto hutania hivyo huku kashika bisibisi tayari. Nimekubali kwa sababu ya woga, si kwa sababu nimemwamini.

9 Novemba

Zote sita zimebadilishwa. Kila moja ikiwaka inaonyesha pengwini, basi wanafunzi wameshaupa mfumo jina: Pengwini. Mchapaji wangu, Yu Kasini, aliyejifunza kazi enzi za taipureta na anayechapa bila kutazama vidole, alikitazama kioo kwa muda mrefu.

"Ndege asiyeweza kuruka," akasema. "Na huyu ndiye atakayetubeba?"

10 Novemba

Mvua. Wateja wawili.

14 Novemba

Leo nimeaibika. Mwanafunzi wa kilimo alileta tasnifu aliyoianza kwingine, tukaifungua kwenye Pengwini, na ukurasa wa yaliyomo ukasambaratika. Namba zilirukia mstari wa chini, vichwa vya sura vikasukumwa kando. Alikaribia kulia.

Giyarto akaja, akatazama, akacheka. Kumbe yule kijana alichapa vile vidoti vya yaliyomo kimoja kimoja kwa kidole, mstari mzima, ukurasa mzima, kama wanavyofanya wote hapa. Pambizo nazo aliziweka kwa kubonyeza nafasi mpaka macho yakaridhika. Herufi zilipokuwa nyembamba kidogo tu kuliko za awali, kila kitu kilihama.

"Si kosa la mfumo," alisema Giyarto. "Hata kule kwingine ingehama, ukibadilisha printa tu."

Maneno ya kweli, lakini yamfae nani? Karani wa kitivo hupima pambizo kwa rula. Akikuta upungufu wa unene wa ukucha, anakurudishia karatasi zote bila hata kukutazama usoni. Wateja watatu wameshahamia ng'ambo ya barabara kwa Pak Rusmadi, ambaye hajabadilisha chochote ila ameweka mapazia.

20 Novemba

Nimefanya jambo ambalo sitamwambia Giyarto.

Ipo kompyuta ya saba, ile aliyoitumia Warsito mwenyewe. Giyarto alipouliza habari zake nilimwambia imekufa. Haijafa. Nimeiweka jikoni, kati ya gunia la mchele na jiko, nikaifunika kwa kitambaa cha batiki. Ina mfumo wa zamani na kila kitu cha wizi kama alivyokiacha. Ni kwa wale wateja wakaidi tu, na kwa zile kazi ambazo naogopa kuzikabidhi kwa ndege.

Kazi ya kwanza niliyoihamishia huko ni ya Niken. Huu ni mwaka wake wa saba chuoni. Baba yake hupanda minazi kugema utomvu wa sukari, na tasnifu yake inahusu hao hao wagema. Asipokabidhi kufikia tarehe thelathini na moja Januari, jina lake litafutwa chuoni, na hakuna rufaa. Alikuwa akichapa kwenye mashine ya tatu bila taabu yoyote. Mimi ndiye niliyeogopa.

"Kazi yako nitakuhamishia mahali salama zaidi," nilimwambia. "Ukija mpe Yu Kasini karatasi tu, yeye atachapa."

"Salama wapi, Bu?"

"Wewe niachie mimi."

Nakala yake ya disketi imeshaota ukungu kwa hii mvua. Kwa hiyo kazi yote iko mikononi mwangu. Nimemwahidi.

2 Desemba

Umeme ulikatika mara mbili. Pengwini wote sita waliamka salama. Nami nimeliona hilo.

7 Desemba

Lazima niandike kwa haki. Wanafunzi wamezoea. Wanachapa, wanatoa kwa printa, mmoja ameshagundua michezo na nimemfokea. Flashi za chuoni zinakuja na virusi vyake, vinafika hapa na kukosa cha kula. Zamani Giyarto alishinda siku nzima akisafisha mashine. Sasa anakuja kila Alhamisi, anakagua, anakunywa kahawa, anakula mendoan zangu za soya za kukaanga na pilipili mbichi, anaondoka. Hataki malipo.

Warsito alizoea kusema mdogo wake ni mtu wa maneno mengi. Nami nilimwamini mume wangu. Sasa naona maneno yake mengi huwa yanafuatwa na kazi.

Ningeweza kumrudisha Niken mashine ya tatu. Nimejiambia nitafanya wiki ijayo.

18 Desemba

Mkutano wa chama cha wenye maduka ya kuchapia. Giyarto ni katibu. Kila duka lililobadilika linapewa stika ya kubandika mlangoni, kwamba hapa hakuna nakala ya wizi hata moja. Mzee mmoja akauliza nani amekagua maduka yote hayo.

"Mengine tumekagua," Giyarto akajibu. "La shemeji yangu sina haja ya kulikagua. Namdhamini mimi."

Watu wakapiga makofi. Nilitazama miguu yangu. Nilirudi nyumbani na stika mkobani nikasema leo leo naifuta ile ya jikoni. Nikamkuta Yu Kasini ameketi pale anachapa sura ya nne ya Niken, na ameshachangamka. Nikasema tumalize hii kwanza.

25 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Meseji nyingine: Cilacap wamesakwa. Nimeongeza kitambaa cha pili juu ya kile cha kwanza. Hata mimi nacheka ninapoandika haya.

9 Januari

Walikuja. Naandika ili nitulie.

Walikuwa askari wawili na bwana mmoja aliyevaa kiraia mwenye mwavuli mkubwa. Wakasoma stika, wakakaa kwenye mashine ya kwanza, ya pili, hadi ya sita. Yule bwana alibonyeza huku na huku, akanitazama kwa heshima kabisa.

"Safi, Bu. Wangekuwa wote kama wewe tungelala mapema."

Nikamkaribisha kahawa, kama Giyarto alivyosema. Wakanywa. Wakaniaga. Roho yangu ilikuwa imeshatulia, wallahi, nilikuwa nimeshaanza kutabasamu tabasamu la kweli. Ndipo askari mdogo akasema, "Samahani, Bu, choo kiko wapi? Baridi ya mvua hii."

Choo changu kiko nyuma ya jiko.

Nikasema kimeharibika. Nilisema kwa sauti ya juu mno, na akacheka, akasema yeye mtoto wa shamba hata kiwe kimeharibika vipi atakitumia, akapita. Nikasikia vidole vya Yu Kasini vikikimbia juu ya vibonye, kisha nikasikia vikikoma.

"Mama, hii nini?"

"Friji," akajibu Yu Kasini.

"Friji yenye vibonye?"

"Ya kisasa."

Hata yeye alicheka, yule kijana. Lakini aliwaita wenzake. Hawakunitukana, hawakupaza sauti. Walichomoa waya, wakaandika karatasi, nikatia sahihi, wakaibeba ile kompyuta ndani ya kitambaa changu cha batiki ili isinyeshewe. Nimeambiwa nitaitwa kutoa maelezo.

Sura tano za Niken zimo ndani. Zimebaki wiki tatu tu.

Yu Kasini alikaa kwenye gunia la mchele. "Mpigie Giyarto," akasema.

Sikumpigia. Alinidhamini mbele ya watu wote.

10 Januari

Niken alikuja saa nne na bahasha ya masahihisho ya mwisho ya msimamizi wake. Aliniona uso tu akajua.

"Kazi yangu iko wapi, Bu?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Naapa nilikuwa nimejiandaa.

"Imepotea," nikasema.

"Imepoteaje?" Kisha akaangalia zile mashine sita mstarini. "Ni huyu Pengwini, sivyo? Amekula. Watu walinionya, Bu, mimi nikasema hapana, Bu Wigati anaijua kazi yake. Amekula, sivyo?"

Na mimi nikanyamaza.

Sikusema ndiyo. Najishika hapo tangu asubuhi, kwamba sikusema ndiyo. Lakini nani atanielewa? Alilia akiwa amesimama, bahasha mkononi, na wateja wote waligeuka kutazama vioo vyao kwa hofu.

11 Januari

Giyarto amekuja, si kwa kahawa. Habari imeshamfikia mitaani. Akaniuliza ilikuwa mashine ipi.

"Ya tatu," nikasema. Kweli Niken aliwahi kuchapia pale, Novemba.

"Basi haijapotea, shemeji. Vitu havipotei hivi hivi. Nitaitafuta."

Ameifungua mashine ya tatu, ametoa diski, ameiunganisha na mashine yake. Anatafuta kitu ambacho hakimo.

12 Januari

Bado anatafuta. Amepata sura mbili za Novemba, mbichi, kabla ya masahihisho. Alifurahi kama mtoto.

"Umeona? Na nyingine zimo tu. Una hakika ni ya tatu?"

"Nina hakika."

Yu Kasini aliinuka, akavaa koti lake la mvua.

"Wigati," akaniita hivyo, bila lile Bu la heshima, mara ya kwanza tangu tufahamiane. Alinivuta hadi barazani. "Mimi sitasema, kwa sababu siri ni ya nyumba yako. Lakini sikai humu kumtazama mtu mwema akichimba kisima kwenye mwamba huku wewe unamshikia taa. Kesho siji."

"Yu, nipe siku mbili."

"Za nini? Uongo hauivi kwa kuongezewa moto."

13 Januari

Hakuja. Duka lina wateja wanne. Ng'ambo kwa Pak Rusmadi wamesimama foleni chini ya miavuli. Mwenye duka mmoja wa chama amempigia Giyarto simu akiwa hapa hapa kwangu, nikasikia sauti ikivuja: "Umetuuzia ndege anayekula tasnifu za watoto wa watu." Giyarto akamjibu taratibu, akakata, akarudi kwenye diski.

14 Januari

Mvua. Ya tatu, nimesema. Ya tatu.

16 Januari

Leo nimemwambia.

Haikuwa ushujaa. Alikuja na macho mekundu, akaweka chini mkoba wake, akasema: "Shemeji, nimeshindwa. Nimesoma diski yote. Pengine wanasema kweli, pengine mfumo huu si wa watu wa kawaida. Nimeuleta kwa kiburi changu. Nitamwomba radhi yule binti, na Jumamosi nitawaambia chama warudie ya zamani."

Mambo yote aliyoyaamini mtu huyu, na miguu aliyoichosha kwenye matope akipita duka kwa duka, vilikuwa vinavunjika mbele yangu kwa ajili ya neno langu moja. Nikasema, "Haikuwa ya tatu."

"Ya ngapi, basi?"

"Ilikuwa jikoni."

Hakunielewa. Ikabidi niseme yote: kompyuta ya Warsito niliyosema imekufa, kitambaa, askari, choo, Niken aliposema Pengwini amekula nami nikatazama sakafu. Nilisema haraka haraka, na nilipomaliza nikasikia bomba la bati likimwaga maji uani.

"Siku zote hizi," akasema, "ulikuwa unaniletea kahawa."

"Ndiyo."

"Na unajua hakuna kitu mle."

"Ndiyo."

Nilitaka anitukane. Watu kama Giyarto wakikasirika ni afueni. Yeye akaanza kurudisha skrubu za mashine ya tatu, moja moja, kila moja mahali pake. Kisha akasema, "Tuvae makoti. Kwanza kwa binti, kesho kituoni."

Niken anapanga chumba karibu na stesheni. Nilimwambia nikiwa mlangoni, kabla hajanikaribisha, ili asije akanikaribisha bure. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ile mashine niliyokuwa naitumia mwanzo," akasema, "ningeendelea nayo tu, kazi yangu ingekuwepo?"

"Ingekuwepo."

"Na wewe ndiye uliyenihamisha."

"Ni mimi."

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga tu.

17 Januari

Kituoni walitupokea vizuri. Ofisa aliyefungua kitabu akaguna.

"Mzigo wa tarehe tisa? Ulikaa hapa hapa, chini ya ngazi. Mngekuja wiki iliyopita ningewaachia mnakili hayo maandishi ya mtoto mbele yangu. Umeondoka juzi kwenda makao makuu Semarang. Huko ni mpaka kesi iishe."

Juzi. Nilikuwa dukani juzi, nakaanga mendoan. Njia ya mwongo ni fupi, walituambia tukiwa wadogo. Hawakutuambia kwamba mwisho wake mtu mwingine ndiye huanguka.

18 Januari

Nimebandika tangazo mlangoni, chini ya stika, kwa mkono wangu: Tasnifu ya Niken haikupotezwa na mfumo huria. Ilikuwa kwenye kompyuta yenye nakala ya wizi niliyoificha mwenyewe, ikachukuliwa. Wigati.

Watu wanasimama na miavuli wanasoma. Wengine wanalisoma mara mbili, halafu wananitazama. Pak Rusmadi alivuka barabara kulisoma, akarudi, na alasiri mapazia yake yalikuwa yameondolewa.

20 Januari

Niken amekuja. Msimamizi wake anayo karatasi ya sura nne za kwanza, zenye wino mwekundu kila mahali. Ya tano haipo popote ila kichwani mwake.

"Sikuja kukusamehe, Bu," akasema. "Nimekuja kwa sababu nahitaji mashine sita."

Alikuja na wenzake. Wamegawana: huyu sura ya kwanza, huyu ya pili. Giyarto amewatengenezea kielelezo kimoja, pambizo tayari, yaliyomo yanajipanga yenyewe bila mtu kubonyeza kidoti hata kimoja. Yu Kasini ametokea mlangoni na koti lake la mvua, hakuniamkia, akaketi mbele ya mashine ya tatu na kuchukua sura ya nne, ambayo alikuwa ameshaichapa mara moja.

24 Januari

"Kibonye kile cha kuhifadhi kiko wapi kwa huyu ndege?" Yu Kasini amemuuliza msichana wa pembeni. Akaonyeshwa. "Ah. Pale pale pa zamani. Sasa makelele yote yale yalikuwa ya nini?"

Kila mtu amecheka, hata Niken. Mimi nilikuwa jikoni napika. Nimebaki huko huko.

29 Januari

Sura ya tano inakwenda polepole. Niken huandika, hufuta, hutoka barazani kuitazama mvua. Asema ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, kulikuwa na ukurasa kuhusu baba yake ambao hawezi kuupata tena jinsi ulivyokuwa. Siwezi kumrudishia ukurasa huo. Siwezi hata kuuota.

31 Januari

Tumekwenda kitivoni, Niken, Giyarto na mimi, karatasi zimefungwa kwenye mifuko mitatu ya plastiki. Karani akatoa rula. Alipima ukurasa wa kwanza, wa kumi, akaruka, akapima yaliyomo kwa muda mrefu zaidi, akifuata vidoti kwa ncha ya kalamu. Nilikuwa nimeshika mkono wa Giyarto bila kujua. Aliutoa taratibu.

"Nani kakuchapia?" karani akauliza.

"Watu wengi," Niken akajibu.

Akagonga mhuri.

Niken aliketi kwenye ngazi nje akalia kwa sauti, kisha akampigia baba yake simu. Nilimsikia akisema, "Imepokelewa, Bapak, shuka kwanza, usiongee kwa simu ukiwa juu ya mnazi."

10 Februari

Niken amefaulu mtihani wa mdomo. Nimeambiwa na mteja.

22 Februari

Chama kimeamua: maduka yanabaki na mfumo huria, langu linavuliwa stika. Giyarto amejiuzulu ukatibu, kwa kuwa alimdhamini mtu bila kumkagua. Leo asubuhi alikuja mwenyewe na kisu cha kukwangulia rangi, akaiondoa stika polepole bila kukwaruza mlango. Kahawa niliyomwekea ilipoa.

"Alhamisi ijayo utakuja, shemeji?"

"Kufanya nini?"

"Kukagua."

"Zote zinafanya kazi."

"Na ikiharibika?"

"Haiharibiki ovyo. Na ikiharibika, Yu Kasini anajua. Hata wewe unajua sasa." Akafuta kisu kwenye suruali. "Si ndicho nilichokuwa nawaambia tangu mwanzo? Kwamba haihitaji mtaalamu."

Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniumiza. Mvua ilikuwa imeanza. Hakungoja ipungue.

1 Machi

Alhamisi. Mashine zote sita zimewaka tangu asubuhi. Printa haijakwama, umeme haujakatika, hakuna mwanafunzi aliyelalamika, na viti vimejaa. Nimekaanga mendoan nyingi kuliko walaji. Kila pikipiki ikipita natazama mlangoni.

Mungu anisamehe, nimekaa hapa naomba moja iharibike.